Je, Ibada ya Lazima ni Ibada?

Jumapili mchungaji alitufundisha Danieli sura ya 1, na kama kawaida yetu tulipiga makofi kila Danieli aliposhinda. Hata mimi nilipiga. Lakini nilirudi nyumbani na swali, na mhariri wa kijarida hiki akaniambia niliandike badala ya kumshika nalo mlangoni.

Swali lenyewe: tukisoma sura hiyo, mbona kila mara sisi ndio Danieli?

Nasoma chuo cha Kikristo hapa kisiwani, mwaka wa pili, diploma ya uhasibu. Jina la chuo naliacha. Ni chuo kizuri, walimu wanaomba na sisi, na kwenye kesha la wanafunzi mwaka wa kwanza ndipo nilipojazwa Roho Mtakatifu. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayekisema vibaya. Ibada ni mara tatu kwa wiki, na ni lazima. Kila mwanafunzi ana kadi, kadi inapigwa muhuri mlangoni, na asiyefikisha robo tatu ya mihuri haketi mtihani. Muhula huu muhuri naushika mimi.

Darasani tuna dada mmoja Muislamu, mtoto wa Mji wa Kale, kwao ni Kibokoni. Alikuja chuoni kwetu kwa sababu ni karibu, anaenda kwa miguu, na karo babake anaiweza. Ibada ya Jumatano ni ya mchana, na katikati ya mahubiri adhana ya adhuhuri huingia madirishani. Yeye hukaa kiti cha nyuma, kimya, mikono mapajani. Mwaka mzima hakukosa. Nilimuuliza kama haimuudhi. Akacheka. “Kukaa n’takaa, dadangu. Kuimba ndiyo siwezi.”

Halafu akaja mhubiri mgeni. Mwisho wa mahubiri akaamuru wote wasimame, wainue mkono, warudie sala ya toba neno kwa neno. Dada huyu hakusimama. Mhubiri akamwona, akanyamaza akimtazama, na mhudumu mmoja akamfuata kitini na kumshika kiwiko amwinue. Akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka. Tangu siku hiyo haji. Amepungukiwa mihuri sita, na mtihani unakaribia.

Wenzangu wananiambia, wewe piga tu, nani anaumia? Sipigi. Siwezi kusimama mlango wa nyumba ya Mungu nikiandika kwamba mtu alikuwepo na hakuwepo. Ila kukataa uongo hakumalizi neno. Nikishakataa, bado yule dada yuko nje, na kanuni iliyomtoa ina jina la Yesu juu yake.

Wapo watakaosema: alisaini fomu ya kujiunga, alijua ni chuo cha Kikristo. Kweli, alisaini. Na sheria siileti hapa. Katiba yetu, Ibara ya 32, inasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake, lakini mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliipa ushindi Kanisa la Methodisti katika kesi ya hijabu ya shule moja huko Isiolo, na zaidi ilikuwa kwa sababu za utaratibu wa kesi. Mawakili waendelee. Mimi nauliza kama watu waliookoka.

Tuangalie kule Babeli. Vijana wanne, masomo ya miaka mitatu, chakula cha bure kutoka meza ya mfalme, na majina mapya: Danieli akawa Belteshaza, wenzake wakawa Shadraka, Meshaki na Abednego. Hicho kilikuwa chuo cha dini ya wengine. Ashpenazi aliogopa kukatwa kichwa, na haki yake kuogopa. Lakini Danieli alipoomba, msimamizi wake, mpagani yule, aliwapa siku 10 za kula mboga na kunywa maji. Alitafuta nafasi ndani ya amri. Chuoni kwetu, siku ile, yule dada ndiye aliyekuwa Danieli. Sisi tulikuwa meza ya mfalme.

Na jambo hili ni la zamani hapa Mombasa. Ukivuka daraja la Nyali unafika Kengeleni, na jina lile limetokana na kengele ya Freretown, makao ya misheni ya CMS yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kabla yake, watoto wengi walikuwa wamepelekwa India, shule ya misheni kule Nasik, na huko wakapewa majina ya Kiingereza. Matthew Wellington, mmoja wa waliobeba maiti ya Livingstone hadi pwani, aliyefia hapa Mombasa mwaka 1935, jina alilozaliwa nalo lilikuwa Chengwimbe. Freretown nidhamu ilikuwa kali, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko ya viboko yakafika kwa balozi wa Uingereza Zanzibar.

Haki isemwe pia. Shule ya Nasik ilimtoa William Jones, aliyewekewa mikono na Askofu Hannington mwaka 1885. Huyu Jones ndiye aliyekuwa Rabai wakati misheni ilipojaa watumwa waliotoroka, na wakubwa wakitaka warudishwe kwa mabwana zao. Mwishowe zaidi ya watu 1,400 walilipiwa fidia na kupewa hati za uhuru, Januari 1889. Kwa hiyo sisemi nidhamu ya shule haizai imani. Kengele inaweza kukuleta kitini. Kwamba ilimwamini Kristo kwa niaba ya Jones, hapana.

Hapa nashangaa sisi Wapentekoste kuliko wengine. Mtoto mchanga hatumbatizi. Tunamweka wakfu, halafu tunangoja miaka aamini mwenyewe, ndipo azamishwe majini. Mtoto wa mchungaji tunamngoja. Iweje mtu mzima, wa dini nyingine, tumshike kiwiko? Katika Marko 10 yule tajiri aliondoka kwa huzuni, na Bwana, aliyempenda, hakumtuma Petro amkamate mlangoni.

Tena tukumbuke tulivyopokelewa. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, kitabu cha Mwanzo alikitafsiri kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa mji huu, Muislamu. Alisaidia, akabaki kadhi.

Kiti sina neno nacho. Chuo cha Kikristo kina haki ya kuwa na ibada, na mgeni akiambiwa keti usikilize, hajanyang’anywa kitu. Yule dada mwenyewe aliketi mwaka mzima. Ulimi na mkono ndivyo visivyolazimishwa. Na kwa wasio wa imani yetu ningeifuta kadi kabisa. Tukiogopa kwamba wataacha kuja, basi mahubiri yetu tunayaamini kiasi gani? (Na kwa Wakristo wanaosinzia na simu wakisubiri muhuri, hilo ni somo la siku nyingine.)

Nilikwenda kwa mlezi wa wanafunzi, nikampelekea barua iliyosainiwa na viongozi wa umoja wetu wa Kikristo. Tumeomba mambo mawili: dada yule apewe kazi ya kuandika au darasa la ziada badala ya ile mihuri sita, na wahubiri wageni waelezwe kabla ya kupanda mimbarani kwamba si wote waliomo ndani ni wa kundi letu. Mlezi aliisoma mara mbili. Akasema baraza litakaa Alhamisi. Nilimpigia yule dada kumwambia, na mamake ndiye aliyepokea simu. Akanishukuru, akaniuliza kama nimekula.