Paka Akitapika Saa Tisa Usiku

Sauti unaijua kabla hujafungua macho: koo likikoroma, tumbo likijivuta, kisha kimya. Mara ya kwanza paka wangu alipotapika, nilikimbilia kitambaa kabla ya kumwangalia yeye. Kapeti ilikuwa mpya. Nakiri.

"Paka hutapika tu, zoea," jirani akaniambia asubuhi. Na kuna ukweli hapo. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea nyuma. Akijilamba, manyoya huingia tumboni, na mengine hurudi yamesokotana kama kidole chenye unyevu. Akila kwa pupa, chakula hurudi kizima. Mara moja moja, sawa. Lakini hilo neno "kawaida" nimeanza kulitilia shaka. Mimi nikitapika kila wiki, nani ataniambia nizoee? Maumivu ni yake, pesa ya daktari ni yangu, halafu anayeamua kama ni kawaida ni mimi.

Tazama hata jina: daktari wa mifugo. Ng'ombe ana maziwa, kuku ana mayai, kwa hivyo mkulima akimwita daktari hakuna anayecheka. Paka wa bedsita analeta nini? Nilipomwambia shangazi kwamba fare ya wiki mbili imeishia kwa matibabu ya paka, alinyamaza kwenye simu, kisha akauliza, "Wewe umekula lakini?" Sina jibu la kumshinda. Kwetu kuna watoto wanaosubiri karo.

Ila mlango nimeufunga mimi. Paka wa nje hujichagulia anachokula, kizuri na kibaya. Huyu anaishi orofa ya nne. Kila kinachofika mdomoni mwake nimempa, au nimekiacha ovyo. Uzi wa kushonea, ambao ukimezwa unaweza kuyakunja matumbo na kuyakata. Maua ya lili ya bethdei, ambayo hata chavua yake akiilamba inaweza kuharibu figo. Panadol, ambayo mtu mwenye huruma kabisa atamsagia nusu tembe, na inaweza kumuua.

Kwa hivyo siku hizi naangalia kwanza, napangusa baadaye. Ni manyoya, povu, au damu? Ni mara ya ngapi leo? Amekojoa? Akitapika tena na tena siku hiyo hiyo, akikataa chakula, akijificha chini ya kitanda, tunaenda, na picha ya matapishi iko kwa simu. (Usione aibu, inamsaidia daktari.) Paka akikaa siku kadhaa bila kula, ini lake linaweza kujaa mafuta, na hapo "tungoje tuone" inakuwa hatari.

Shangazi alipiga jana. Aliuliza kazi, kodi, kanisa. Karibu akate, akasema, "Na huyo mgonjwa wako?"

Nikamwambia amekula.