Mafuta Yaliyojificha

Mwili ni amana. Tabibu aliponikataza mafuta, nyumbani tuliondoa nyama na chupa ya mafuta, tukabaki na kunde na mchicha wa tui zito, tukisema, "Humu hamna mafuta." Tulijihadaa. Tui lina mafuta mengi, na katika mafuta ya nazi zaidi ya sehemu 80 kwa 100 ni yale yanayoganda, yenye kupandisha lehemu katika damu. Sasa kunde zetu huchemshwa kwa maji, kitunguu, nyanya, tangawizi na ndimu. Nazi hatuiharamishi, lakini halali nayo ina kipimo. Mwenye kuihadaa nafsi yake, siku ya kuulizwa amana atajibu nini? Wallahu aalam.