Jino Lililong'olewa ni la Nani?

Mtu akisha kung'olewa jino hulitazama mara moja, kisha huliacha mezani kwa daktari akaenda zake. Kwake limekuwa taka. Jee, daktari anayo ruhusa ya kulitumia atakavyo? Suali hili laonekana dogo, nalo si dogo.

Baina ya mzizi wa jino na mfupa wa taya pana utando mwembamba, usiofikia unene wa nusu milimita. Huo ndio ulishikao jino mahali pake, na jino ling'olewapo, sehemu yake hubaki imegandama mzizini. Mwaka 2004 wataalamu wa taasisi ya serikali ya Marekani iliyoko Bethesda walieleza kazi waliyoifanya kwa magego ya mwisho 25 yaliyotolewa vinywani mwa watu. Waliutoa utando ule, wakazitenga seli zake, yaani chembe ndogo ndogo zilizoujenga mwili, wakazilea maabarani katika maji yenye chakula chake. Zikazaana. Walipozipandikiza katika panya, zilifanya kitu mfano wa ule utando pamoja na lile gamba gumu lifunikalo mzizi. Kukapatikana tumaini kwa wale ambao meno yao hulegea kwa maradhi ya fizi.

Basi taka imekuwa mali. Huenda mtu akasema: "Mwenyewe amekwisha litupa, aokotaye taka hana deni." Twajibu kwamba kutupa ni kuacha kitu hali unakijua. Mgonjwa alitupa jino lililomsumbua. Hakutupa seli ambazo hakuambiwa kuwa zimo, nazo zachukua alama za urithi wake na za wazazi wake.

Yamekwisha tokea ya kutufunza. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Bibi Henrietta Lacks alichukuliwa seli za uvimbe wa saratani pasi na kuombwa idhini. Alikufa mwaka huo huo. Seli zake zikaenea ulimwenguni na kusaidia utafiti mwingi wa tiba, na jamaa zake wasipate habari kwa zaidi ya miaka 20. Faida ilikuwa ya kweli, na dhuluma ilikuwa ya kweli. Ya kwanza haikuifuta ya pili.

Mwaka 1990 mahakama ya juu kabisa ya California, katika kesi ya John Moore aliyetolewa bandama, ilikataa dai lake la kuzimiliki seli zilizokwisha kutoka mwilini mwake. Lakini ilisema kuwa tabibu yampasa, kabla ya kupewa idhini, amweleze mgonjwa manufaa anayoyatazamia yeye mwenyewe.

Hapo ndipo penye shina la jambo. Hatugombei bei ya jino. Hata nyumba isiyo na kufuli hupigiwa hodi, na mwili wa mtu ni zaidi ya nyumba. Mwenye elimu asione hodi hiyo kuwa kizuizi, kwani ni maneno machache tu. Nasi tukiombwa, tusikatae kwa hofu ya kutojua. Tuulize litafanyiwa nini, kisha tutoe kwa moyo mkunjufu, ili wengine wapate kutafuna.