Fildi Yako Iko Kilole

Kila mwaka wanafunzi wa uzamili wa ukutubi huzunguka Dar es Salaam na bahasha za kaki mkononi, wakibisha hodi kwenye milango ile ile: Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, maktaba ya Chuo Kikuu, masijala ya wizara, chumba cha nyaraka cha benki. Anayepokelewa hupewa kiti na rundo la vitabu vya kubandika lebo. Muda ukiisha anagongewa muhuri, anaandika ripoti, anarudi darasani. Wapo pia, tusifichane, wanaochukua ripoti ya mwenzao wa mwaka juzi na kubadilisha jina la taasisi tu.

Wewe ambaye barua yako ya kuomba fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, bado hujaiandika, usijipange kwenye foleni hiyo. Panda basi la Arusha, shuka Korogwe, uliza njia ya Kilole.

Najua umeshtuka. Una shahada ya kwanza, unatafuta ya pili, halafu mtu anakutuma kwenye kata ya mji wa mkonge, ambako pengine hutakuta mlango hata mmoja ulioandikwa "Mkutubi". Ndiyo sababu nakutuma. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018, inakalisha watu 2,100 kwa wakati mmoja na ina nafasi ya vitabu 800,000. Ni fahari yetu sote. Lakini mle kuna mtu wa kununua vitabu, mtu wa kuviainisha, mtu wa kuviazimisha na mtu wa kompyuta, na wewe utawekwa nyuma ya mmoja wao umtazame akifanya kazi. Kwenye shule ya sekondari ya kata, idara zote hizo ni wewe. Ukikosea utaona kosa lako kesho yake asubuhi, kwa sababu mtoto wa kidato cha pili atakuja kutafuta kitabu na hatakiona. Ukipatia, utaona vilevile.

Tuzungumze kuhusu kabati. Katika shule zetu nyingi vitabu vipo. Kinachokosekana ni njia ya kuvitoa. Vinaletwa na serikali au wafadhili, vinaandikwa kwenye leja kama mali ya umma, na mwalimu mmoja mwenye vipindi vyake vya Kiswahili au Jiografia anatia sahihi kuvipokea. Tangu siku hiyo kila kitabu kitakachopotea ni swali atakaloulizwa yeye mkaguzi akija. Afanye nini? Anafunga kabati, anatia ufunguo mfukoni. Usimwite mwoga, hata mimi ningefunga.

Basi kazi yako ya kwanza Kilole haitakuwa kuainisha. Itakuwa kumwondolea mwalimu huyo hofu. Fungua daftari la kupokelea vitabu, kila nakala na namba yake. Tengeneza kadi za waazimaji, hata kwa maboksi yaliyokatwa. Kisha kaa na mkuu wa shule mwandike utaratibu wa ukurasa mmoja unaokubali wazi kwamba vitabu vinavyosomwa huchakaa na vichache hupotea, kwamba vitahesabiwa kila mwisho wa muhula, na kwamba vilivyokwisha vitafutwa kwenye leja kwa kufuata taratibu za mali ya umma. Mkuu akisaini, mwalimu atakuwa na karatasi ya kumwonyesha mkaguzi, na ufunguo utatoka mfukoni bila kubembelezwa. Kuainisha kutafuata. Utajua kwamba kwa namba za Dewey 967.8 ni Tanzania na 896.392 ni fasihi ya Kiswahili, na utamweka Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani karibu na mji wa Tanga, mahali ambapo watoto wa mkoa wake watamfikia kwa mkono.

Hapo ndipo wengi hunirudishia hoja yao nzito: nani atanisimamia? Chuo kinataka msimamizi mwenye taaluma, na Kilole hayupo.

Hoja ni ya kweli na nisingependa uipuuze. Mwanafunzi akiachwa peke yake huzoea makosa yake akayaita uzoefu. Lakini jibu la tatizo hilo si kukimbilia tena Bibi Titi. Panga wasimamizi wawili. Mmoja awe hapo hapo kituoni, makamu mkuu wa shule au mwalimu mwenye dhamana ya vitabu. Huyu hahitaji kumjua Dewey, anahitaji kujua umefika saa ngapi, umefanya nini, na umeishi vipi na watu. Wa pili awe mkutubi aliyesomea. Mtafute katika maktaba ya mkoa pale Tanga, mwendo wa kilomita mia hivi. Ulizia Chuo cha Ualimu Korogwe ni nani anayeshika maktaba yao na amesomea wapi. Mtafute pia mkutubi mstaafu, maana nchi hii ina wastaafu wengi waliosomea Makerere, ambako Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1963, na wengine waliopita Bagamoyo tangu chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka kilipofunguliwa mwaka 1989. Wengi wao wamekaa nyumbani na maarifa yao, hakuna anayewapigia hodi. Ukienda, nenda na adabu: shikamoo kwanza, eleza unatoka chuo gani na umetumwa na nani, na usianze kwa kumwomba sahihi. Mwombe akukague. Aje kituoni angalau mara mbili, mwanzoni na kabla hujaondoka, na katikati apokee kila wiki picha za daftari lako la kazi kwa simu na kukujibu bila huruma. Nauli yake ilipe wewe au chuo, mkubaliane mapema. Mambo ya nauli yakiachwa hewani, ziara ya pili huwa haifanyiki.

Kusimamiwa si jambo la wanagenzi wadogo. S. R. Ranganathan alikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kuteuliwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, India, mwaka 1924. Kazi ilimchosha mwanzoni, karibu airudishe. Wakampeleka Uingereza kusoma, na huko mwalimu wake Berwick Sayers, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya umma ya Croydon, hakumwacha abaki na vitabu vya nadharia. Ranganathan alizunguka maktaba nyingi akitazama jinsi vibarua, akina mama na watoto wanavyohudumiwa. Mwaka 1931 akachapisha kanuni tano za ukutubi ambazo wewe umezikariri kwa ajili ya mtihani. Umeshajiuliza kwa nini mtu wa hesabu aliandika kanuni zinazohusu msomaji na muda wake badala ya rafu? Alikuwa amesimama kaunta, na mtu anayejua alikuwa akimwangalia.

Sisi wenyewe tuna somo letu, na ni chungu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ikafuata kampeni ya kufuta ujinga, na maktaba za vijiji zikafunguliwa kwa maelfu nchi nzima ili waliojua kusoma wasisahau. Ilikuwa fikra kubwa kuliko nyingi tunazozisikia leo kwenye semina. Nyingi zikafa. Sanduku la kwanza la vitabu lilisomwa likaisha, la pili halikuja. Mtunza maktaba alikuwa mtu wa kujitolea au wa posho ndogo asiye na wa kumtembelea. Halafu vikaja vita vya Kagera na miaka ile ya uhaba ambapo hata karatasi ilikuwa anasa. Fildi yako inaweza kufa vilevile wiki moja baada ya wewe kuondoka. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza chagua wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, si cha nne wanaohitimu, uwafundishe kuazimisha, kurudisha kitabu mahali pake na kuhesabu. Na andika kwenye makubaliano kwamba chuo chako kitaleta mwanafunzi mwingine Kilole mwakani. Hicho kifungu ndicho kigumu kuliko vyote kupatikana. Kipiganie.

Usidhani pia kwamba kazi itakuwa ndogo kwa sababu mji ni mdogo. Korogwe ina historia inayongoja mkutubi. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902. Kuanzia mwaka 2009 Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lililohusisha watoto 15,459. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto. Watoto wa Korogwe walitoa damu yao kwa ajili ya elimu ambayo sasa inalinda watoto wa bara zima. Matokeo yamechapishwa kwa Kiingereza kwenye majarida ya madaktari. Mzazi wa Kilole akitaka kuyasoma kwa Kiswahili chepesi, aende wapi? Ukikusanya machapisho hayo, ukawaomba watafiti wakusaidie kuyafupisha na kuyahakiki, ukayaweka kwenye jalada moja linaloazimwa, utakuwa umefanya fildi ambayo profesa wako ataisimulia kwa wengine.

Na ukitaka kuvuka hadi Handeni, kilomita 65 za lami, kuna kazi nyingine ya historia: Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kuhusu ukoo wa Mbega uliotoka Nguu ukaenda kutawala Usambara. Anza na uchunguzi mdogo tu: kipo kwenye rafu gani katika wilaya hizi mbili? Kama hakipo, umeshapata kazi.

Sasa barua. Korogwe ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, na Handeni vilevile. Kilole iko Mji. Ukiiandikia Halmashauri ya Wilaya, barua yako itazunguka kwenye masijala hadi likizo ipite. Kwa shule ya serikali, mwandikie Mkurugenzi wa Mji, ipitie kwa Afisa Elimu Sekondari, nakala kwa mkuu wa shule. Kwa chuo cha ualimu, mwandikie mkuu wa chuo moja kwa moja. Ambatisha barua ya utambulisho ya chuo chako na ukurasa mmoja wa mpango: utafanya nini kila wiki, nani atasimamia, nini kitabaki. Usiombe "nafasi ya kujifunza" peke yake. Ofisi zimechoka kupokea wanaokuja kujifunza. Eleza unaleta nini. Kisha usikae kungoja, piga simu baada ya wiki, na ikibidi nenda mwenyewe ukae kwenye benchi la masijala mpaka faili lako liinuliwe. Fanya hayo mapema, muhula ukiwa bado katikati, kwa sababu mkuu wa shule akipata barua ya fildi wiki ya mitihani ataitia kwenye droo, na ana haki.

Mengine utayapanga ukishafika: chumba cha kupanga, chakula, boda boda ya asubuhi. Barua ndiyo haiwezi kungoja. Fungua kompyuta, andika "Mkurugenzi wa Mji, Halmashauri ya Mji wa Korogwe", na uendelee kutoka hapo.