Mganga Hajigangi

Mwaka 2005, usiku, Dk. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili jijini Harare, alipokea simu. Hospitali ya mbali na mji ilikuwa imempokea binti wa miaka 26, mgonjwa wake, aliyekuwa amejaribu kujiua. Hali yake si mbaya, akaambiwa, ila lazima aonwe na bingwa. Safari ya usiku ule isingewezekana, kwa hiyo daktari akazungumza na mama wa binti, wakakubaliana amlete ndani ya wiki moja. Wiki ikapita, ikapita ya pili, na ya tatu. Simu iliyofuata ilitoka kwa mama: binti amejiua. Mbona hamkuja kama tulivyopanga? Mama akajibu kwamba hawakuwa na nauli ya basi, dola 15.

Chibanda mwenyewe amekisimulia kisa hiki hadharani mara nyingi, na wengi wanaokirudia hukikimbiza hadi kwenye sehemu yake nzuri. Mimi naomba tukae kidogo hapa kwenye nauli. Hakuna aliyezembea. Hospitali ilipiga simu, daktari alipokea, mama alikubali. Kilichokosekana ni huduma iliyo karibu na anakoishi mgonjwa. Zimbabwe nzima ilikuwa na madaktari bingwa wa akili wachache mno, wangeenea wote kwenye Hiace moja ya daladala.

Halafu yupo daktari. Kufiwa na mgonjwa wa namna ile ni msiba, ingawa hakuna anayekuja kumpa mhudumu pole. Chibanda anasema alianza kujiuliza hata kazi yake ina maana gani. Waswahili tunasema mganga hajigangi, na mara nyingi tunausema msemo huo kwa kumcheka mganga. Yeye hakujaribu kujiganga peke yake. Alilipeleka jambo lile kwa wenzake kazini, kwa marafiki, kwa jamaa zake, na katika mazungumzo hayo ndipo likaja wazo la kuwatumia mabibi.

Mwaka 2006 akaanza na mabibi 14 katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, bila chumba wala muuguzi wa ziada, ila benchi la mbao nje ya kliniki. Alitaka liitwe benchi la afya ya akili. Mabibi wakamkatalia: nani atakaa hapo aonwe na majirani? Likaitwa benchi la urafiki, na watu wakakaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwenye jarida la kitabibu la JAMA uliwafuatilia wagonjwa 573 wa Harare, na baada ya miezi sita waliohudumiwa na mabibi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Zanzibar nayo imelijaribu benchi hilo.

Wanaokuja kuiga, hata hivyo, huona mbao na misumari. Bibi wa Mbare hakuachwa peke yake na machozi ya watu. Alifundishwa, ana msimamizi, anakutana na mabibi wenzake kuzungumzia yaliyowalemea, na mgonjwa anayezidi uwezo wake humpeleka kwa muuguzi au daktari. Hilo halionekani kwenye picha.

Sasa tazama shule zetu. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika shule ya bweni, wa kwanza kuletewa tatizo hilo ni mwalimu wa malezi na ushauri nasaha. Mara nyingi hana chumba. Ana kona ya meza katika ofisi ya walimu, madaftari yamerundikana, mwenzake anasahihisha pembeni huku masikio yamesimama. Mwanafunzi anasimama mlangoni, anaona hali hiyo, anasema alikuja kuomba chaki. Akipatikana wa kusema, wanasogea chini ya mti, na mwalimu anaelezwa mambo ya baba wa kambo ambayo hawezi kumsimulia hata mumewe nyumbani. Kengele inalia. Anafuta uso, anaingia kidato cha pili kufundisha kemia. Jioni ana zamu ya bweni.

Mpe miaka michache ya hivyo, bila mtu wa kumweleza. Hataacha kazi. Atabaki, ila atakuwa mwepesi wa kusema, "Umekuja tena wewe?" Wanafunzi huambizana haraka mlango upi haufunguki, na baada ya hapo utulivu wa shule unaweza kumdanganya mkuu akadhani mambo ni shwari. Shirika la Afya Duniani liliuelezea uchovu wa kazi kama huu wa mwalimu mwaka 2019 kuwa ni zao la msongo wa kazi usiodhibitiwa. Chanzo kinatajwa kuwa kazini. Sisi bado tunamwambia mwalimu apunguze mawazo.

Basi ndugu mkuu wa shule: kabla ya semina nyingine na fulana zake, mpunguzie vipindi huyo mwalimu, mtafutie chumba chenye mlango unaofungwa, mkutanishe kila mwezi na wenzake wa shule za jirani pamoja na muuguzi wa afya ya akili wa wilaya. Na kikao hicho kiwekwe ndani ya saa za kazi, si Jumamosi.