Jina Letu kwa Kichina

Tulikuwa tunangoja zamu ya maji. Mama mmoja jirani yangu akaniona nachora herufi za Kichina nyuma ya daftari, akaniuliza: “Mwanangu, hiyo itakuletea unga?”

Sikuwa na jibu. Wengi wanaojifunza Kichina, Kijapani au Kikorea wanatafuta kazi ama nafasi ya kusoma, na hakuna ubaya. Lakini mimi huu ni mwaka wa pili, na kazi sijapata. Basi nimepata nini?

Nimepata neno moja.

Kwa Kiswahili sisi ni wakimbizi. Kirundi na Kinyarwanda ni vilevile: impunzi linatoka kwenye kukimbia. Jina letu limeshika miguu tu. Halisemi tulikimbia nini, wala mgongoni tulibeba nani. Hata mtoto aliyezaliwa hapa kambini, ambaye hajawahi kukimbia isipokuwa nyuma ya mpira, naye anaitwa hivyo.

Kwa Kichina neno ni nànmín. Lina herufi mbili: nàn ni maafa, mín ni watu, raia. Wajapani na Wakorea nao wana neno hilohilo, wanasema nanmin. Watu waliopatwa na maafa. Humo hakuna miguu. Kuna watu, na kuna jambo lililowapata.

Siku nilipoelewa hilo niliweka kalamu chini. Tangu utoto nimebeba jina hili nikidhani ndiyo hali yangu yenyewe. Kumbe ni namna moja tu ya kutazama. Wengine, mbali huko, walitazama jambo hilohilo wakaona kitu kingine.

Lakini tusidanganyane. Jina zuri halifungui mlango. Sadako Ogata, aliyeongoza UNHCR kuanzia 1991 hadi 2000, alikuwa Mjapani. Na bado nchi yake mwaka 2023 iliwatambua wakimbizi 303 tu. Tena ile herufi ya nàn, ukiitamka kwa sauti ya kupanda, nán, maana yake inakuwa “ngumu”. Mtu akitaka, atatusoma kuwa watu wagumu, watu wa kusumbua.

Kwa hiyo sisemi Kichina kinashinda Kiswahili. Hapa kambini wengi tunasema lugha tatu, nne, lakini ni lugha za majirani, zimetuzoea. Lugha ya mbali inakupa mahali pa kusimama pembeni ujiangalie. Ukiitwa, huitiki tu; unauliza kwanza, kwa nini mnaniita hivyo? Ndugu zetu wa mashirika nao wangejiuliza, maana ndio wanaojaza fomu.

Jioni nilimweleza yule mama. Alinyamaza kidogo.

“Watu waliopatwa na maafa,” akasema. “Unga bado, mwanangu. Lakini hiyo ni kweli.”

Akainua dumu lake, tukaenda.