Anika Mapema



Pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, kila mtu anajua: mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa. Mitumbwi hupumzika. Sufuria haipumziki, kwa sababu dagaa walianikwa mapema, jua lilipokuwepo.

Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, intaneti ilizimwa nchi nzima. Nani alikuwa na fedha taslimu ndani? Nani alikuwa na unga, na maji, na dawa ya presha ya bibi? Anika mapema, ndugu yangu. Kidogo kidogo, kila upatapo. Anika mapema, na umhesabu jirani anayeishi peke yake.

Na leo, kabla hujatoka, kubalianeni na watoto: simu zikinyamaza, njia zikifungwa, tunakutana kwa nani?